Jirani Mwenye Bomba la Moshi

Mtoni, Temeke
13 Aprili 2025

Mke wangu Mwanaasha,

Assalaam aleikum. Kaa kwanza. Usisome barua hii umesimama, ukaja ukaanguka, ikawa nesi ndiye mgonjwa. Bahati, mke wangu, inanifuata kama mbwa wa jirani: naifukuza, nageuka nyuma, ipo. Wenzangu wanaendaga kwa waganga kuitafuta. Mie nikifungua mlango asubuhi naikuta imekaa kizingitini inanisubiri.

Ulisema simu basi, kwa sababu kwenye simu nakuchekesha mpaka salio linaisha, ukikata huna ulichoambiwa. Na hicho kitochi chako cha vitufe hakionyeshi picha. Haya, karatasi hii hapa, na kwenye bahasha kuna kitu kigumu. Usikitoe bado. Soma mpaka chini.

Kwanza kazi. Picha za pasipoti zimekufa, kila mtu ana kamera mfukoni. Lakini mie, mtu niliyefika Beira na Lubumbashi kwa nauli ya maneno matupu, siwezi kuzikwa na pasipoti. Sasa hivi natoa picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Unajua sie tunavyojenga: mwaka huu msingi, mwaka mwingine kuta, halafu nyasi zinaota sebuleni mtu anangoja bati. Anakuja kwangu na picha ya msingi wake, namtolea nyumba iliyokwisha, na rangi yake, na mapazia yake. Anaitundika ukutani kwenye chumba alichopanga, inamtia moyo. Mzee Fransis wa mashine ya kusaga aliibusu ya kwake mbele ya wateja.

Nikueleze ufundi wake, ili siku ukinisikia redioni usishtuke. Ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa modeli. Ichukulie kama fundi mchoraji: unamwambia kwa maneno, anachora. Mie ninao wawili. Wa kwanza ana haraka. Wenzake wanapitia mchoro hatua thelathini, yeye hatua nne, kamaliza, anakutazama. Tatizo kasomea Ulaya. Kila nyumba anaipachika bomba la moshi juu ya paa. Ya mzee Fransis ilitoka nalo mara ya kwanza, akaniuliza, "Badru, hili la kutolea nini? Mke wangu anapikia darini?"

Wa pili nimemfundisha mwenyewe kwa picha nilizopiga Mtoni, Mbagala na Kigamboni. Huyo anajua bati, anajua nondo za dirishani, anajua tenki la maji lililopandishwa juu. Lakini goigoi, na ukimharakisha anachora kama mtu anayetazama kupitia mvuke wa sufuria.

Basi nimewaozesha. Unachukua akili ya huyu na akili ya yule, unazichanganya, anatoka fundi mmoja. Siri ni uzito. Ukimzidishia wa haraka, bomba la moshi. Ukimzidishia wa kwetu, mvuke. Nilikaa naonja na kupunguza kama mpishi wa pilau la shughuli, mpaka nikatulia kwenye sehemu sita kwa wa haraka na nne kwa wa kwetu. Bomba la moshi sasa ni nadra. Halafu kuna namba wanaiita mbegu. Ukiibakiza ileile, nyumba nayo inabaki ileile, unahamisha dirisha tu au unaongeza baraza. Mteja anaondoka anadhani nimesoma chuo kikuu. Mie kidato cha pili nilikiona kisogo.

Sasa kaa vizuri. Ansbert, yule mkandarasi ninayemtolea picha za wateja wake, alifurahi akanipa kiwanja. Kigamboni, upande wa Kibada. Sikukwambia, nilitaka uione nyumba ikiwa na paa.

Mwanaasha, ina paa. Toa sasa kilichomo. Huo mlango wa bluu ni wa kwako.

Mumeo mwenye bahati zake,
Badru


Kibondo
1 Mei 2025

Mume wangu Badru,

Wa aleikum salaam. Nilikaa kama ulivyoagiza, na ilifaa.

Nimeitundika juu ya kitanda. Huku mvua za mwisho hazijaisha, udongo mwekundu unapanda mpaka kwenye sare, na nikitoka zamu nalala nikiitazama. Nitakwambia jambo usinicheke. Nimeshaanza kuingia. Nafumba macho, nasukuma huo mlango wa bluu, navua viatu. Nimeshajua sufuria zitakaa wapi. Kitanda nimekiweka ubavu wa dirisha la kulia, na wewe unalala upande wa ukutani kwa sababu unapiga mateke.

Miaka miwili nimekaa kwenye chumba cha zahanati ambacho hata msumari sikutaka kupigilia. Huu wa picha ndio wa kwanza.

Kama mafundi hawajaondoka, waambie mama yangu anataka baraza. Goti lake haliwezi kukaa chini mkekani tena, anahitaji ukingo wa kukalia. Na jiko la nje, tafadhali, sitaki moshi ndani. Mama anasema umemwahidi kumpeleka akaione, lakini kila Jumapili una harusi ya kupiga picha. Watu wa Temeke wanaoana sana mwaka huu.

Umeniandikia kwamba siri ni uzito, kwamba ukimzidishia mmoja mwingine anapotea. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi. Nikajiuliza, kwetu sisi, uzito ameuchukua nani?

Halafu nieleze kitu. Nyuma ya nyumba yetu linaonekana paa la jirani, na juu yake kuna kitu kimesimama kama mnara mdogo. Ni msikiti? Ningefurahi kama ni msikiti.

Mkeo,
Mwanaasha


Mtoni, Temeke
18 Mei 2025

Bibie wa Kibondo,

Assalaam aleikum. Baraza limekwisha. Umesikia? Mafundi wa watu wengine wanakula hela na kuzima simu, wa kwangu nikikohoa tu wanachanganya zege. Picha mpya hiyo hapo. Baraza lina ukingo wa mama, mpana kabisa, atakaa yeye na mashoga zake watatu wa Buguruni na umbea wao wote. Jiko la nje lile pale kushoto.

Ule si msikiti, msikiti uko mtaa wa pili. Jirani yetu ni Mzee Edgar, mtu wa bara, muoka mikate. Lile ni bomba la tanuri lake. Asubuhi mtaa mzima unanukia, hata mtu aliyeshiba anajisikia kaonewa. Mtu mwema sana, kila akiniona ananipa wa moto.

Kazini nimepata somo. Bibi mmoja, Salma, alitaka nyumba ya rangi ya waridi, akanung'unika kwamba waridi halijakolea. Kuna kiwango nakiita utii, ni kiasi gani fundi afuate maneno yako. Nikakipandisha. Lo, kuta ziliungua, nyumba ikawa kama keki ya harusi iliyoachwa juani. Kumbe fundi wa haraka hataki kuamrishwa. Ukikiweka chini, ukamnong'oneza, anakupa. Ukimpigia kelele anaunguza. Nikamwambia Salma, mama, hii kompyuta ina tabia za mke wangu.

Umeuliza kuhusu uzito. Ninachojua, ulipoondoka wewe chumba hiki kilikuwa kiwe kikubwa, kimekuwa kidogo. Hesabu za namna hiyo walifundishaga kidato cha tatu, mie nilishatoka.

Mama nitampeleka. Jumapili hii kuna harusi.

Mumeo,
Badru


Kibondo
9 Juni 2025

Mume wangu,

Assalaam aleikum. Idi nimekula na wagonjwa, wali wa zahanati, hauna chumvi wala hauna Idi. Nilivaa lile gauni la kijani nikakaa nalo kitandani, nikazitazama picha mbili ukutani. Ile ya kwanza haina baraza, ya pili inalo. Nikawaza, wiki tano kati yake, na mawingu hayajasogea. Yale mawingu matatu yako palepale. Kigamboni hewa imetulia kweli.

Sasa sikiliza, hili si la utani.

Nimepata wa kubadilishana naye kituo. Si mmoja, wawili. Loveness ni muuguzi Kigamboni, mume wake yuko huku Kibondo, anataka kuja. Mwingine yuko Temeke, kituo ambacho kutoka chumbani kwetu Mtoni ni kwa miguu. Wote wako tayari. Mimi natakiwa kujaza karatasi kabla Julai haijaisha, nichague mmoja. Nikishajaza nimejaza. Mganga mkuu ameniambia waziwazi kwamba mtu aliyebadilishwa hagusi tena hilo jambo mpaka miaka ipite.

Nikijaza Kigamboni na nyumba iko Kigamboni, nitatoka zamu nipite sokoni, niingie kwa mlango wa bluu. Nikijaza Kigamboni na hali ikawa nyingine, kwa zamu zetu zilivyo, nitakuwa nimekuja Dar na bado tunaonana kwa ahadi.

Nimechoka kuingia nyumbani kwa kufumba macho, Badru. Niambie nijaze wapi.

Kuhusu fundi asiyetaka kupigiwa kelele, umenielewa vizuri kuliko nilivyodhani. Ndiyo maana nami nakunong'oneza.

Mwanaasha


Mtoni, Temeke
24 Juni 2025

Mke wangu,

Assalaam aleikum. Habari njema mno hizo, nimezunguka mtaa mzima nikigawa soda kwa mkopo. Mke wa Badru anarudi. Hata muuza chipsi kanipa yai la bure, nikamwambia aniwekee la pili kwa ajili yako.

Nijaze wapi, nijaze wapi. Wewe ndiye mwenye karatasi, mie nani? Mie nipo kote, kama hewa. Kigamboni pana upepo, Temeke pana watu. Mtu kama mie niliyeishi miji mitatu, nikiambiwa niishi pande mbili za daraja la Kigamboni si kitu. Jaza pale moyo utakapoona pepesi.

Nakuletea picha ya tatu. Nimekuweka na wewe. Umesimama mlangoni, umejitanda kitenge cha njano, unaningoja. Nimehangaika na hiyo kuliko nyumba yote. Iweke katikati ya zile mbili.

Mzee Edgar anakusalimu.

Mumeo,
Badru


Kibondo
10 Julai 2025

Badru,

Wa aleikum salaam.

Yule mwanamke mlangoni ni mzuri. Ana shingo ndefu na hana wasiwasi. Nimemtazama sana. Simjui.

Nyumba nilikuwa nimeikubali, mume wangu. Niseme tu kwamba niliikubali tangu picha ya kwanza, na mawingu yake, na jirani yake. Mtu akikaa mbali anakubali vingi, mradi awe na mahali pa kuingia usiku. Mlango ule ulikuwa wangu kwa sababu ulikuwa mtupu. Sasa umemsimamisha mtu pale, na mimi nimebaki nje.

Nimezitoa zote tatu ukutani. Sikuzichana. Nimezifunga kwenye khanga.

Usinitumie picha tena. Nitumie maneno, na yawe machache. Simama mlangoni pa nyumba yetu, utazame nje, halafu ugeuke utazame ndani, uniandikie unachokiona. Ukiandika Kigamboni, nitajaza Kigamboni, wallahi. Sitamuuliza mtu mwingine na sitamtuma mama. Utakachoandika ndicho nitakachojaza.

Msalimie Mzee Edgar. Mwambie mkate wake naunusa mpaka huku.

Mwanaasha


Mtoni, Temeke
20 Julai 2025

Mwanaasha mke wangu,

Assalaam aleikum. Bahasha hii nyembamba. Usiipapase, hamna kitu kigumu ndani.

Nimesimama mlangoni kama ulivyoagiza. Naona kamba ya nguo ya wapangaji na shuka zao. Naona ndoo yetu nyekundu, ile uliyoandika jina lako kwa rangi ya kucha ili mama wa chumba cha pembeni asijisahau. Herufi mbili zimefutika. Sijamruhusu mtu kuitumia. Naona ukuta wa mashine ya kusaga ya mzee Fransis, na unga umekaa juu ya majani ya mpapai.

Nikigeuka ndani naona kitanda. Kompyuta nimeiweka upande wako, juu ya kreti, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Feni yake inavuma usiku kucha. Majirani wanalalamika nawamalizia umeme, nawaambia natunza kazi. Si kazi. Nimeizoea kama pumzi ya mtu.

Mama nilimpeleka. Jumapili moja aligoma kusikia habari za harusi. Alikuja toka Buguruni kashavaa baibui jipya, akakaa hapo kitandani, akasema, "Twende, au nilale hapa." Tukavuka daraja. Nikamtembeza nikitafuta cha kumwambia, mpaka goti likamkatalia, tukakaa juu ya msingi wa mtu nisiyemjua, nyasi zimeota katikati. Akaniuliza, "Ni hapa, mwanangu?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akazitazama zile nyasi. Akasema, "Panapendeza. Pana upepo." Mie nikamshika mkono, Mwanaasha, nikamwinua. Tukarudi, na nilipomshusha kwake ndipo akaniambia, "Mwenzio anakwenda kujaza karatasi, Badru. Hiyo ukishaijaza haifutiki."

Nilirudi nikaandika barua hii mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na utani, nimewashia jiko.

Yule mwanamke. Picha yako ninayo moja tu iliyo safi, ile uliyocheka ukaziba mdomo kwa mkono. Nikampa fundi aitazame. Akanitolea mwanamke anayeumwa jino. Nikapunguza uzito, nikaongeza hatua, nikabadili mbegu moja baada ya nyingine, nikashusha utii mpaka chini, nikamnong'oneza kama nakunong'oneza wewe. Walitoka wengi. Kila mmoja mzuri, na hakuna aliyenitazama kama ananijua. Wewe unanitazamaga kama mtu anayesubiri nimalize uongo wangu ili tule. Hiyo hakuna modeli inayoijua. Nikachoka, nikamchukua mmojawapo nikamsimamisha pale. Nisamehe, ulikuwa mlango wako.

Mzee Edgar hayupo. Hakuna mkate. Lile bomba la moshi ni la yule fundi wa Ulaya, sita kwa nne na bado ananichungulia nyuma ya paa. Nililiona picha ikiwa imeshachapwa, na wino ulikuwa ndio ule wa mwisho, nikasema hataliona, Kibondo ni mbali. Nikasahau kwamba mwenyewe ndiye niliyekusimulia habari za bomba la moshi, kwa kujisifu, kwenye barua ileile. Ulipouliza kama ni msikiti ningeweza kusema. Nikaona nikujengee na jirani.

Jaza Temeke. Kompyuta nitaihamishia chini ya dirisha, upande wako utakuwa mtupu. Msumari wa kutundikia gauni la kijani nimeshapigilia. Mlango wa chumba nimeupaka bluu, huo ni wa kweli, ukiugusa leo rangi inabaki kidoleni. Mwenye nyumba hajanisemesha tangu nimeupaka. Baraza sina, lakini kuna benchi la mzee Fransis, amekubali mama akija atalikalia, lina ukingo mzuri.

Ukiona huwezi kurudi kwenye chumba hiki, jaza unapotaka, sitanung'unika. Ila usijaze Kigamboni kwa ajili yangu.

Barua ya kwanza nilikuandikia kwamba bahati inanifuata. Hainifuati. Ansbert alinipa asante, hakunipa kiwanja. Hatuna nyumba Kigamboni, wala hatujawahi kuwa nayo.

Badru